Mbege Chupani: Maelezo juu ya Jina, Alama na Chombo cha Bidhaa za Uchaggani

Methali yetu yasema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli katika soko la kijiji, mahali ambapo mnunuzi amjua muuzaji, amjua na mamaye, na aijua njia ya kwenda nyumbani kwake kumlaumu ikiwa amedanganywa. Lakini kitu kikitoka katika soko hilo kikawekwa juu ya rafu ya duka la mjini, katikati ya vitu hamsini vinavyofanana nacho, wema wake umefungwa ndani ya chupa au mfuko na hauwezi kusema. Hapo chema hakijiuzi tena. Chahitaji chombo cha kukihifadhi, jina la kukiita, na alama ya kukipambanua. Mambo haya matatu ndiyo yatakayoelezwa katika makala haya.

Mifano yetu itatoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huko hutengenezwa mbege, pombe yenye sifa kubwa ambayo mpaka leo sehemu yake kubwa haina chupa wala kibandiko. Ya pili ni kwamba jina la mlima wenyewe limekwisha kuwa bidhaa duniani, na si kila mara faida ya jina hilo imewarudia wakaao chini ya mlima. Mahali pamoja, basi, twaona kitu kizuri kisichokuwa na jina dukani, na jina zuri linalotembea mbali na kitu chake.

1. Mbege na jinsi inavyotengenezwa

Wachagga hukaa katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ambamo migomba, mibuni, miti mikubwa na majani ya mifugo hukua pamoja. Mgomba ndio nguzo ya kihamba. Ndizi mbichi hutoa mtori, kiburu na machalari. Ndizi mbivu hutoa pombe. Ndizi zilizoiva sana huchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke na kukoza wekundu, kisha huachwa siku kadhaa zianze kuchacha, ndipo maji yake huchujwa. Upande mwingine ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Unga wa kimea hicho hupikwa uji, na uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi. Gome la mti uitwao msesewe hutiwa ili kuipa pombe uchungu wake. Usiku mmoja ukipita mbege i tayari. Kesho yake huwa kali zaidi, na siku chache baadaye huwa chachu isiyonyweka.

Jina lenyewe lataka kuangaliwa. Katika lahaja za Kichagga neno mbege ni jina la ulezi, na pombe huitwa wari. Kiswahili kimetwaa jina la nafaka na kulivika kinywaji. Kwa hiyo atajaye mbege amekwisha kutaja kilichomo, na mtengenezaji atakayeacha ulezi, akatumia sukari na maji ya ndizi peke yake, akaita kinywaji chake mbege, amesema uongo kwa jina kabla ya kuandika neno lo lote la kibandiko. Hili ni jambo la kwanza la kushikwa na kila abuniye sura ya bidhaa: jina ni ahadi, na ahadi yaweza kuvunjwa.

2. Dhamana ya zamani na dhamana mpya

Isidhaniwe kwamba mbege isiyo na kibandiko haina dhamana. Ni desturi ya zamani katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Uchaggani ikiwamo, kwamba mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kisha humpa kata anywe. Kwa tendo hilo moja asema: mimi ndimi niliyeipika, naijua, na naitegemea kwa mwili wangu mwenyewe. Mnunuzi akiuliza, "Mama, hii ni ya lini?" hujibiwa, "Ya jana, baba, onja." Maswali manne yamekwisha kujibiwa: nani katengeneza, kitu gani kimo, cha lini, na kwa kipimo gani, maana kata yenyewe ni kipimo kionekanacho kwa macho.

Kibandiko cha chupa hakina kazi nyingine ila kujibu maswali hayo manne wakati mama mwenyewe hayupo. Rangi, picha na herufi za kupendeza ni watumishi wa majibu hayo. Mbunaji anayeanza na rangi, akayaacha majibu yakae pembeni kwa herufi ndogo zisizosomeka, amefanana na mtu aliyemkaribisha mgeni kwa ngoma akasahau kumpa kiti.

Lugha yetu ilikuwa na maneno ya mambo haya kabla ya viwanda. Wafanya biashara wa pwani walikuwa na neno rajamu, maana yake alama iwekwayo juu ya mali ili ijulikane ni ya nani. Nembo, kwa maana yake ya kale, ilikuwa chale au mchoro wa mwilini uliomtambulisha mtu kuwa wa kabila fulani. Chapa, neno lenye asili ya Kihindi, ni kitu kilichogandamizwa kikaacha alama yake. Maneno haya matatu hayasemi jambo moja. Rajamu yataja mwenye mali. Nembo yataja ukoo. Chapa yataja mkono uliogandamiza. Siku hizi rajamu limesahauliwa na wengi, nembo limekuwa jina la mchoro wa kampuni au chama, na chapa limepanuka likashika sifa yote ya bidhaa katika mawazo ya watu. Hata hivyo maana za kale zafaa kukumbukwa, kwa kuwa bidhaa njema hutaka zote tatu: mwenyewe ajulikane, asili yake ijulikane, na kila chupa ifanane na mwenzake kana kwamba imetoka katika muhuri mmoja.

3. Chombo

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya chombo ni kupendeza. Kazi yake ya kwanza ni kuhifadhi, na hapa mbege ni mwanafunzi mgumu. Mbege ni kitu hai. Hamira iliyomo huendelea kula sukari na kutoa hewa. Ukiifunga ndani ya chupa kwa kizibo imara, hewa hujikusanya mpaka kizibo kiruke au chupa ipasuke, na vigae vya kioo si jambo la mzaha.

Ziko njia kadhaa za kushinda tatizo hili, na kila njia ina bei yake. Njia ya kwanza ni moto: bia za viwandani hupashwa joto la kadiri ya digrii 60 kwa dakika kadhaa zikiwa chupani, hamira ikafa. Lakini mbege ina uji wa ulezi ndani yake, nao hubadilika upashwapo. Kinywaji hudumu, bali ladha na uzito wake si vile vile. Njia ya pili ni kuichuja mpaka iwe nyangavu, nayo yaondoa unga ambao ndio mwili wa mbege. Njia ya tatu ni baridi, ambayo huipunguza mwendo hamira bila kuiua. Yahitaji umeme toka kiwandani mpaka dukani bila kukatika. Njia ya nne ni kukubali kwamba mbege ni ya leo na kesho, kuiuza karibu na ilipopikwa, katika chombo kisichozibwa kabisa.

Kiwanda cha Banana Investments cha Arusha kimekuwa kikitia chupani kinywaji cha ndizi kiitwacho Raha. Ni jambo la busara kwamba kinywaji hicho kilipewa jina lake chenyewe, wala hakikuitwa mbege. Chombo kikibadilika, kitu hubadilika. Na kitu kikibadilika, uaminifu wataka jina libadilike pia.

Vyakula vingine vina sheria zao. Kahawa iliyokaangwa hutoa hewa kwa siku kadhaa baada ya kutoka motoni, na wakati huo huo huharibiwa na hewa ya nje. Ndiyo maana mifuko mizuri ya kahawa ina kitundu chenye kilango kinachotoa hewa bila kuiingiza. Unga wa ndizi hunywa unyevu. Mfuko wa karatasi tupu, ambao wapendeza sana machoni, hautoshi katika masika ya Machame au Kibosho, lazima uwe na utando wa ndani. Bia yenye hopsi huharibiwa na mwanga wa jua, ikatoa harufu mbaya, na kwa sababu hiyo chupa ya rangi ya kahawia si mapambo bali ni kivuli. Kibandiko nacho lazima kistahimili maji, kwa maana chupa iliyotolewa katika ndoo ya barafu ikaacha jina lake majini imekuwa yatima.

Chombo kina upande wa adili vilevile. Tanzania ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, maarufu kwa jina la viroba, tangu tarehe 1 Machi 2017. Kilichokatazwa hapo hakikuwa kinywaji kwa asili yake, maana pombe ile ile iliruhusiwa katika chupa; kilichokatazwa ni chombo. Kifuko kilikuwa kidogo hata kikaingia katika mfuko wa kaptura ya mwanafunzi, na rahisi hata dereva akakinunua pamoja na sigara. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa nayo ilikatazwa. Anayechagua chombo, basi, achagua pia ni nani atakayekifikia, na kitalala wapi kikiisha kutumika.

Chupa zilizotumika huokotwa na wengi kwa sababu ni rahisi. Hazina ubaya zikioshwa na kuchemshwa sawasawa, lakini chupa yenye jina la kiwanda kingine lililochorwa katika kioo chenyewe haifai hata kidogo. Kibandiko chasema hivi, kioo chasema vile, na mnunuzi hajui amwamini shahidi yupi.

4. Jina

Mtu wa Moshi akitaka kukipa kinywaji au chakula chake jina, neno la kwanza limjialo ni Kilimanjaro. Neno hilo ni zuri, na ndiyo shida yake. Tanzania ina bia ya Kilimanjaro, kama ilivyo na Serengeti, Safari na Ndovu. Jirani zetu wa Kenya wana Tusker, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1922, ambayo jina lake lafungamana na tembo aliyemwua mmoja wa waanzilishi wa kiwanda mwaka uliofuata. Utaona kwamba bia kubwa za nchi hizi hupenda kuchukua majina ya mlima, mbuga, safari na mnyama: vitu ambavyo mgeni avijua kabla hajashuka katika ndege. Mtengenezaji mdogo akienda njia hiyo hiyo atakuwa mtoto apigaye kelele katikati ya umati wa watu wazima.

Tena jina la mlima halimlindi mtu. Mjini Moshi kulikuwa na kiwanda cha bia cha Kibo, kilichoitwa kwa jina la kilele chenyewe chenye urefu wa mita 5,895. Kilifungwa mwaka 2002, kwa mapatano ya makampuni makubwa ya bia ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini, ambayo kwayo kiwanda kingine kilifungwa upande wa Kenya. Kilele hakikukiokoa.

Mfano wa kahawa ni mzito zaidi. Wakulima wa Uchaggani waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU. Kazi yao na ya waliofuata iliipa kahawa ya mlima sifa katika nchi za ng'ambo. Sasa tazama Japani, ambako jina hilo lapendwa mno. Kwa kanuni za biashara ya kahawa za huko, kahawa ya arabika kutoka Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba, yaweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Na kahawa ya mchanganyiko yaweza kubeba jina hilo ikiwa asilimia 30 tu ndani yake imetoka huko. Kahawa ya Mbinga au ya Mbozi, ambayo ni njema kwa haki yake, hunywewa Tokyo kwa jina la mlima ambao mkulima wake huenda hajauona. Mkulima wa Mbinga amenyimwa jina lake, na mkulima wa Marangu ameshirikishwa jina lake bila kuulizwa. Hapana aliyeiba kwa kuvunja mlango. Jina lilikuwa limeachwa nje.

Ndiyo sababu sheria ya alama za biashara ni sehemu ya ufundi huu wala si kazi ya mawakili peke yao. Kwa sheria ya 1986 ya Tanzania Bara, alama husajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, na baadaye huweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Ofisi yake ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Alama isajiliwayo lazima iweze kupambanua bidhaa ya huyu na ya yule. Neno linaloeleza kitu tu, kama vile unga, asali au mbege, haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja, na ni vyema iwe hivyo. Kwa hiyo mwenye busara huchagua jina lenye mguu mmoja katika mahali pake na mguu mwingine katika fikra yake mwenyewe: jina la mfongo umwagiliao kihamba chake, jina la kilima kidogo, la mti au la kazi. Kadiri jina linavyotoka karibu na nyumba, ndivyo uwezekano wa kugongana na la mwingine unavyopungua.

Lugha nayo ina mitego yake. Tuseme mtu apika bia njema katika mji wa Moshi, akaandika juu ya chupa, kwa herufi kubwa zote, POMBE YA MOSHI. Yeye ataja mji. Msomaji wa Kiswahili asoma gongo. Pombe ya moshi ni ile inayokenekwa kwa mvuke, na Bunge lilipotunga sheria mwaka 1966 ya kuizuia isitengenezwe ovyo, liliiita kwa neno hilo hilo, Moshi. Herufi kubwa na ndogo zingaliweza kuokoa maana katika kitabu, lakini vibandiko hupenda herufi kubwa tupu. Jina lolote halina budi lisomwe kwa sauti mbele ya watu wa rika mbalimbali kabla halijapigwa chapa.

Neno jingine la kupimwa ni kienyeji. Ukisema kuku wa kienyeji, bei hupanda. Mnunuzi amesikia ladha, mifupa migumu na mchuzi wa kweli. Ukisema pombe ya kienyeji, bei hushuka. Mnunuzi amesikia kibanda, ndoo na polisi. Neno ni moja, lakini moja limepitia jikoni na jingine limepitia sheria za kikoloni, zilizotenga bia ya mzungu na pombe ya mwenyeji, kila moja kwa leseni yake na kwa heshima yake. Mtengenezaji wa mbege hatalisafisha neno hilo kwa kulikimbia na kuandika Kiingereza kitupu. Afadhali aache neno la jumla, ataje kitu kwa jina lake na mahali pake: mbege ya Kibosho, mbege ya Rombo. Jina mahsusi haliwezi kudharauliwa kwa urahisi kama jina la jumla.

5. Picha

Picha ya mlima ndiyo inayochorwa na wote, na wengi huikosea. Mtu akisimama Moshi na kutazama kaskazini, Kibo huwa kushoto kwake na Mawenzi kulia. Akisimama upande wa pili, katika nchi ya Kenya karibu na Amboseli, mambo hupinduka: Mawenzi huwa kushoto na Kibo kulia. Picha nyingi za mlima zilizoenea duniani, zile zenye tembo mbele yake, zimepigwa toka upande huo wa Kenya. Mchoraji akizinakili bila kufikiri huweka juu ya chupa ya Moshi mlima uonwao na mtu wa nchi nyingine, na mama muuzaji wa Kiboriloni atajua mara moja kwamba aliyechora hakufika. Mtu wa Rombo naye huona Mawenzi imemsimamia mbele. Kila mteremko una mlima wake. Na mchoro uliotoka mlangoni pa mtengenezaji ni alama isiyoigika.

Theluji nayo ni shahidi asiyekaa. Barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Alama iliyojengwa juu ya kofia nyeupe peke yake yaweza kuishi kuliko kofia yenyewe. Vitu vilivyo chini ni vya kudumu zaidi: jani la mgomba na mshipa wake wa katikati, suke la ulezi lenye vidole, tunda la buni, kata, mfongo.

Lakini si kila kitu cha jadi ni pambo. Sale, mmea upandwao mipakani mwa vihamba, una heshima yake kwa Wachagga: jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha na kutafuta amani. Anayelichapa juu ya chupa ya ulevi ajiulize kwanza kama wazee wa mahali pake watalisoma kama salamu au kama kejeli. Mbunaji mgeni hutafuta katika jadi umbo zuri; mwenyeji huona ndani ya umbo hilo maneno. Ni wajibu wa wote wawili kuulizana.

6. Maneno ya kibandiko

Baada ya jina na picha huja maneno, na hapa ndipo Kiswahili hutendewa vibaya kuliko mahali pengine. Kibandiko chema husema kitu ni nini, kimetengenezwa kwa vitu gani kwa kufuata wingi wake, ujazo au uzito bila chombo, jina na mahali pa mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, namna ya kuhifadhi. Na ikiwa ni kinywaji cha ulevi, kiasi cha kileo kwa asilimia. Tangu 2019 usimamizi wa vyakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, na mdogo kama mkubwa hana budi kupitia kwake. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pa kuombea mashauri. Akitaka duka kubwa lisome bidhaa yake kwa mashine, atahitaji pia namba za mistari; zile zitolewazo Tanzania huanza na 620.

Maneno yenyewe yawe ya watu. Mathalan, tarehe za mwisho ni za aina mbili. Iko tarehe ambayo baada yake chakula chaweza kudhuru. Hapo yafaa kuandika "Usitumie baada ya". Iko nyingine ambayo baada yake chakula hupungua ladha tu, wala hakidhuru; hapo yatosha "Ladha yake ni kamili mpaka". Kahawa iliyopitwa na tarehe ya pili hunyweka. Maziwa yaliyopitwa na ya kwanza humwagwa. Kuandika "mwisho wa matumizi" kwa yote mawili ni kumfanya maskini atupe chakula kizima, au, akiisha kuzoea kutoamini tarehe, ale kilichooza. Mstari mmoja wa maneno sahihi waweza kuokoa mlo, na waweza kuokoa tumbo.

Vivyo hivyo "tikisa kabla ya kunywa" si maneno ya kupuuzwa kwa kinywaji chenye ulezi, kwa maana asiyetikisa atakunywa maji juu na kumwaga chakula chini, kisha aseme kwamba mbege ni nyepesi.

7. Ni nani mwenye jina?

Limebaki swali lililo zito kuliko yote. Kazi ya mbege Uchaggani ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa. Wao hujua ndizi ipi imeiva kadiri itakiwayo, kimea kipi kimeota vya kutosha, na gome kiasi gani huleta uchungu bila kuharibu. Ujuzi huo haukuandikwa popote, nao umelipa karo za watoto wengi. Siku bidhaa itakapopata chupa, jina na usajili, ni nani atakayeandikwa kuwa mwenye jina? Ikiwa ni yule mwenye fedha za kibandiko na nauli ya kwenda mjini, mpishi atarudi kuwa kibarua wa kinywaji cha mama yake.

Gharama ni kweli kubwa kwa mtu mmoja. Vibandiko elfu moja ni rahisi kwa kimoja kimoja kuliko mia. Upimaji wa maabara, usajili na chupa mpya hutaka fedha kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa. Lakini mlima huu umekwisha kuonyesha njia yake. Wakulima wa 1925 na 1933 hawakuwa na mashamba makubwa. Walikuwa na vihamba vidogo, wakaunganisha magunia. Wapishi wa kata moja waweza kuunda ushirika, wakasajili jina moja kwa jina la ushirika huo, wakaandika kanuni zao juu ya ndizi, ulezi na siku za kuuza, na kila mmoja akaweka alama yake ndogo pembeni mwa kibandiko, ili mnunuzi ajue si ushirika tu bali na mkono uliopika. Hapo nembo ya ukoo na rajamu ya mwenye mali zitakaa juu ya chupa moja bila kugombana.

Na ikiwa baada ya kupima yote wataamua kwamba mbege yao haifai kutiwa chupani, huo nao ni uamuzi wa biashara ulio timamu. Wataandika jina lao juu ya mlango wa kilabu, juu ya pipa na juu ya kata; wataandika siku ya kupikwa kwa chaki ubaoni, na kuifuta kila asubuhi. Kibandiko cha namna hiyo hakina gharama, chasomeka toka barabarani, na hakiwezi kuchukuliwa na mtu wa mbali akakiweka juu ya kitu kingine.